Msimu wa Kwanza: Sod Poodles na Sisi wa Amarillo

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni, Novemba 2019, kwenye mkutano wetu sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Amarillo, Texas. Nimeyaandika yote kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu ya pili kwenye kiwanda cha nyama na wengine waliobaki nyumbani na watoto. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango: hamjambo?

Niliombwa niseme juu ya jambo jema lililoupata mji huu mwaka huu. Najua wengine mlitegemea nizungumzie kazi, au makaratasi ya uhamiaji. Leo hapana. Leo nataka kuzungumzia mpira, na si mpira wa miguu.

Nianze na swali. Nani hapa ameshaingia uwanja wa besiboli wa Hodgetown, hata mara moja tu? Inueni mikono niwaone. Saba, nane... kumi na mmoja. Haya. Na nani amepita nje ya uwanja ule usiku, akaona taa zimewaka, akasikia watu wanapiga kelele, akasema moyoni, "Hayo ni mambo yao"? Naam. Mikono ni mingi. Asanteni kwa kusema kweli. Mpaka mwezi wa tano mwaka huu, mkono wangu ungekuwa juu pamoja na yenu.

Neno hilo, "yao", ndilo lililonisimamisha hapa.

Kwa wale ambao hawajafuatilia, nieleze haraka. Besiboli ya Marekani ni ngazi. Juu kabisa kuna ligi kuu, ile ya San Diego, New York, Chicago. Chini yake kuna timu za miji midogo, ambako vijana wanapikwa mpaka waive. Timu yetu, Amarillo Sod Poodles, iko daraja la Double-A, hatua mbili tu kutoka juu, na mwaka huu wa 2019 ni shamba la vipaji la San Diego Padres. Ilifikaje hapa? San Antonio walipanda daraja, ile nafasi yao katika Ligi ya Texas ikahamishiwa Amarillo. Kwa hiyo timu hii nayo ilihama. Nayo ilifunga mizigo, ikaja mji usioijua, ikapewa jina jipya.

Na jina lenyewe! Mwaka jana wananchi waliombwa wapendekeze majina, yakachujwa yakabaki matano. Mojawapo lilikuwa Jerky, nyama ya kukausha. Jingine Long Haulers, madereva wa malori ya masafa marefu. Na hilo la Sod Poodles. Novemba lilipotangazwa kuwa ndilo lililoshinda, mnakumbuka kiwandani ilikuwaje? Watu walicheka, na wengine walikasirika kweli. "Mji wa wachunga ng'ombe unaitwa kwa jina la kambwa!"

Sasa sikilizeni maana yake. Sod ni udongo wa juu pamoja na majani yake. Poodle ni yule mbwa mwenye manyoya ya kujisokota. Lakini zamani watu waliofika nyanda hizi waliwaita hivyo wale wanyama wadogo wa rangi ya mchanga, jamii ya kindi, wanaoitwa kwa Kiingereza prairie dogs, mnaowaona pembeni ya barabara wamesimama kwa miguu ya nyuma. Wanaishi ardhini, mashimo kwa mashimo, mamia pamoja. Makazi yao kwa Kiingereza huitwa mji, town, na ndiyo maana uwanja ukaitwa Hodgetown: kwa heshima ya Jerry Hodge, aliyewahi kuwa meya hapa, na mkewe Margaret, na pia kwa heshima ya mji wa hao wanyama. Mmoja wao husimama mlangoni akitazama. Akiona mwewe anapaza sauti, na wote wanaingia ndani. Mimi nilikulia Fizi, Kongo, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka kumi na miwili. Mnyama anayesimama mlangoni akiwaangalizia wenzake simcheki.

Na sisi tunajua kuwa na jina ambalo watu hawawezi kulitamka vizuri. Si ndiyo? Kiwandani, laini nzima ya kazi inakuita kwa jina lililokatwa nusu. Kinachobadilisha ni nini? Ni watu kukuzoea. Ilipofika mwezi wa nne, wale wale waliocheka walikuwa wamevaa kofia zenye yule mnyama. Sasa wanawaita kwa mapenzi Soddies.

Ndugu zangu, mji huu uliisubiri timu. Uliisubiri sana.

Upande wa kushoto wa nyumba yangu anakaa mzee mmoja Mmarekani, fundi mabomba aliyestaafu. Miaka miwili tulikuwa tunapungiana mikono tu. Siku moja mwezi wa tatu nilimkuta ameketi barazani, ana kofia mapajani, kofia kuukuu, kitambaa kimepauka mpaka hujui ilikuwa rangi gani. Nikamsalimia, akaniuliza kama najua Amarillo iliwahi kuwa na timu ya ligi hii. Nikamwambia sijui. Akaniita niketi.

Akanisimulia kwamba timu hiyo iliitwa Gold Sox, na nayo ilikuwa shamba la San Diego. Mwaka 1981 aliletwa hapa kijana wa miaka 21, Tony Gwynn. Alicheza Amarillo michezo 23 tu. Katika michezo hiyo alipiga kwa wastani wa .462. Kwa asiyejua hesabu ya mchezo huu: mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kumi anaitwa hodari. Kijana yule alikuwa anakaribia mara tano. Mwaka uliofuata alikuwa ligi kuu, akacheza San Diego misimu 20 bila kuhama, akamaliza na mapigo 3,141. Ni mmoja wa wapigaji wakubwa waliowahi kuishi. Na mzee wangu alimwona hapa, kwenye viti vya mbao, akiwa na mtoto wake begani.

Halafu mwaka 1982 msimu ukaisha, timu ikahamishiwa Beaumont, kule upande wa pili wa Texas. Basi. Hakuna aliyeuliza watu wa Amarillo. Zilikuja timu nyingine baadaye, zisizofungamana na ligi kuu, nazo zikaondoka. Mzee akasema, "Mwanangu alikuwa na miaka minne. Sasa ana wajukuu." Miaka 37!

Nani hapa hajui kungoja? Sisi tulingoja jina kutoka kwenye ubao wa matangazo kambini. Unakwenda asubuhi, unasoma kuanzia juu mpaka chini, jina halipo. Kesho unakwenda tena. Nilipomtazama yule mzee na kofia yake niliona ni mtu niliyemfahamu.

Wala msidhani mji wote ulikubaliana. Mwaka 2015 wananchi waliulizwa kwa kura kama uwanja ujengwe katikati ya mji. Waliosema ndiyo walizidi nusu kidogo tu. Wengi walisema barabara kwanza, mabomba kwanza. Na hawakuwa wajinga, hoja zao zilikuwa na uzito, maana uwanja uligharimu dola milioni 45.5. Ujenzi ulianza mwezi wa pili 2018, na tarehe 8 Aprili mwaka huu mlango ukafunguliwa. Miezi kumi na minne. Katikati ya mji, mahali ambapo saa kumi na mbili jioni ulikuwa unaweza kulala barabarani pasipite gari.

Na watu walikuja? Walikuja! Mji wetu una watu laki mbili hivi. Msimu huu, katika michezo 70 ya nyumbani, walioingia uwanjani walipita laki nne. Kwa msimu mmoja. Kwa timu ambayo jina lake lilichekwa.

Sasa niwaambie siku yangu ya kwanza. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Ilikuwa Ijumaa. Kijana wangu wa miaka kumi na mmoja alipewa tiketi shuleni, akanisumbua wiki nzima. Tukaenda mimi, mama watoto, yeye na mdogo wake wa miaka mitano. Upepo wa hapa mnaujua. Mama watoto alishika kitenge kwa mikono miwili tangu tuliposhuka garini. Tulipoingia nilichokiona kwanza ni majani. Nilisimama. Majani ya kijani, yamekatwa mistari, chini ya taa, mpaka unaona kila unyasi. Na udongo mwekundu, ndugu zangu. Mwekundu kama wa kwetu. Mtu mmoja alikuwa ameinama anaulainisha kwa reki, polepole, kama mama anayefagia uwanja wa nyumba asubuhi.

Mchezo sikuuelewa. Mmoja anarusha, mmoja ana gongo, wengine wamesimama tu. Lakini nyuma yetu alikaa mama mmoja Mzungu, mtu mzima, ana pakiti ya karanga. Akaona tunavyoangaliana. Akamwambia kijana wangu kwa Kiingereza chepesi, "Ana nafasi tatu. Akikosa mara tatu, anatoka." Kijana akatutafsiria. Baadaye, katikati ya awamu ya saba kati ya tisa za mchezo, watu wote wakasimama. Uwanja mzima! Nikajua mchezo umekwisha, nikabeba mtoto, tukaanza kutoka. Yule mama akamshika mke wangu mkono, akasema, "Bado. Tunaimba tu." Kumbe ni desturi yao: awamu ya saba watu hunyoosha miguu na kuimba wimbo wa zamani wa mchezo huu. Tukarudi. Tukasimama nao. Maneno hatukuyajua, tukapiga makofi.

Mchezo ukaisha, tukakaa, kijana alisema kuna kitu kizuri kinakuja. Taa zikazimwa.

Halafu mlipuko.

Ninyi mnajua ninachokisema. Zilikuwa fataki. Rangi juu angani, nyekundu, kijani, watu wanashangilia. Lakini mwili hautazami rangi. Mwili unasikia. Kabla sijageuka, mke wangu alikuwa chini, kati ya viti, amemlalia yule mdogo, amemziba masikio. Mimi magoti yalikuwa yameshakunjika. Mwaka 1998 tulikimbia kwetu usiku kwa sauti ya namna ile ile, tukipita mihogoni.

Hakuna aliyekosea. Fataki za Ijumaa ni furaha yao, na watoto wanazipenda. Ni kwamba hakuna aliyetuambia, na sisi hatukujua kuuliza.

Na yule mama wa karanga alifanya nini? Hakuuliza kitu. Alishuka kwenye kiti chake, mtu wa miaka sitini na zaidi, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji penye maganda ya karanga na soda iliyomwagika, akaweka mkono mgongoni kwa mke wangu. Akakaa vile mpaka fataki ya mwisho. Dakika kumi labda. Watu elfu sita wanatazama juu, yeye anatazama chini. Taa ziliporudi akamsaidia kusimama, akamfuta kitenge magotini, akasema, "Siku ya Jumapili hawapigi hizi. Njooni Jumapili."

Wapendwa, mtu akikufanyia hivyo utasema bado ni uwanja "wao"? Mimi nilishindwa.

Tulirudi Jumapili. Tulirudi mara tisa.

Na kadiri nilivyorudi ndivyo nilivyowaona vijana wenyewe. Hapa nasema na ninyi mnaofanya kazi ya nyama, maana mtanielewa upesi. Mtu akiona mchezaji anadhani ni tajiri. Mjue kwamba kijana wa daraja hili, mwaka huu wa 2019, mshahara wake wa kuanzia ni dola 350 kwa wiki, na analipwa msimu ukiwepo tu. Miezi ya baridi hana kitu. Wengine wanalala kwa familia za mji zinazowapokea bure. Msimu huu michezo ilikuwa 140 kati ya Aprili na mwanzo wa Septemba, karibu kila siku, na katikati ni basi. Kutoka hapa mpaka Corpus Christi pwani ni safari ya saa kumi na zaidi. Unafika, unacheza, unalala, unacheza. Bega linauma, unacheza. Unaijua hali hiyo? Wewe uliyekunja vidole asubuhi vikakataa kufunguka mpaka uvitie maji moto, unaijua.

Na wengi ni wageni kama sisi. Kutoka Venezuela, Jamhuri ya Dominika, Kuba. Wapo waliofika bila Kiingereza. Mrushaji mmoja, Adrián Morejón, Mkuba, aliondoka hapa hapa Amarillo mwezi wa saba, akarukishwa mpaka ligi kuu San Diego akiwa na miaka 20. Juma hili anakula kwenye meza ya wachezaji wa Hodgetown, juma lijalo anarusha mbele ya uwanja wa ligi kuu. Ndivyo ngazi ile ilivyo: haisubiri uwe tayari.

Kijana mmoja aliniuliza kanisani, "Baba, kuna Mwafrika anayecheza hii?" Wapo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia ligi kuu na Pittsburgh mwezi wa nne 2017, wa kwanza kutoka bara letu, na gongo lake la kwanza lilifanikiwa. Na mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda Pennsylvania kwenye mashindano ya dunia ya watoto, wakawashinda Wamarekani wa Oregon 3–2. Lugazi, wanakolima miwa! Mwaka mmoja kabla, watoto wa Uganda walikuwa wameshinda nafasi hiyo hiyo wakanyimwa viza. Viza, ndugu zangu. Hata hapo tunafahamiana.

Nije kwenye usiku wa Tulsa.

Timu ikaingia fainali ya Ligi ya Texas katika msimu wake wa kwanza. Timu nane zilianza, zikabaki mbili: sisi na Tulsa Drillers wa Oklahoma. Mshindi ni wa michezo mitatu katika mitano. Ikawa mbili kwa mbili. Wa tano ulichezwa kwao Tulsa, Jumapili tarehe 15 Septemba.

Nilikuwa barazani kwa mzee wangu. Simu yake ameiegemeza kwenye ndoo iliyopinduliwa, mtangazaji anasema, mzee amefumba macho. Hakutaka kutazama picha. Alisema besiboli ameizoea masikioni. Kofia kuukuu kichwani. Kijana wangu alikaa kwenye ngazi, akinieleza kila kitu mimi na mama yake, sasa yeye ndiye mwalimu. Awamu ya tisa, ya mwisho, hatukuwa mbele. Vituo vyote vitatu, vile mchezaji anavyovipitia kabla ya kurudi nyumbani, pale alipopigia, apate pointi, vikajaa watu wetu. Akaja kwenye gongo Taylor Trammell.

Mjue huyu ni nani. Hakuanza msimu na sisi. Tarehe 31 Julai timu tatu kubwa zilibadilishana wachezaji, yeye akatolewa kundi la Cincinnati akatiwa la San Diego, akaletwa hapa kama mtu anayehamishwa kambi. Tangu afike gongo lake lilikuwa zito. Hakuwa amepiga vizuri. Siku mbili nyuma alikuwa ametimiza miaka 22. Ndiye mgeni kuliko wote kwenye timu ya mji uliongoja miaka 37, na nafasi ikamwangukia yeye.

Akapiga. Mtangazaji akapandisha sauti, akapandisha, akapandisha... na ukuta ukavukwa! Watu watatu wa kwenye vituo wakaingia nyumbani, na yeye wa nne. Pointi nne kwa gongo moja. Mchezo ukaisha 8–3. Mabingwa wa Ligi ya Texas, msimu wa kwanza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mzee wangu hakushangilia. Alivua kofia, akaitazama, akamvalisha kijana wangu kichwani. Ikamshukia mpaka kwenye nyusi. Hakusema neno, akaingia ndani kuchemsha kahawa. Kijana ameivaa leo. Simama, mwanangu, wakuone. Ndiyo hiyo.

Nina ombi moja, halafu nikae.

Mwezi wa nne msimu wa pili unaanza. Nataka twende. Si mmoja mmoja. Twende kundi, wazee, mama na vitenge vyao, watoto, na mama zetu wasiojua neno la Kiingereza. Daftari liko kwenye meza ya chai. Andika jina, andika mko wangapi, na mwenye gari lenye nafasi aandike nafasi ngapi. Walio zamu ya pili, semeni siku yenu ya kupumzika, tutapanga kuifuata. Vijana mtakaa katikati ya wazee ili muwaeleze mchezo. Karanga nitanunua mimi. Na Ijumaa hatutakwenda. Tutakwenda Jumapili mchana, baada ya ibada, siku ambayo hawapigi fataki.